Uwanja wa Salamu

Mkitaka kumjua Makena, msimtazame akiwa ofisini. Mtazameni akivuka barabara. Msichana yule hawezi kupita mahali bila kusimama aone watu wameketi wapi, wanaangalia upande gani, na wamepita wapi kuingia. Tukienda sokoni pamoja, hapa Tottenham, London, mimi nachagua ndizi, yeye amesimama anatazama jinsi watu wanavyolizunguka dimbwi la maji. Nilimwambia siku moja kwamba atagongwa na basi huku akikodolea macho benchi. Hakucheka, alikuwa anatazama benchi.

Kazi yake inaitwa usanifu wa mandhari, na kanisani kwetu ilituchukua muda kuielewa. Wazee waliposikia amemaliza chuo kikuu waliuliza, sasa yeye ni daktari wa nini? Akawaeleza kwa adabu zote kwamba yeye huchora viwanja, bustani na njia ambamo watu wa mji hukaa na kupita. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema basi ni kupanda maua, na kwani hayo yanahitaji digrii? Mimi nilimtetea kwa ukali, ingawa kusema kweli nami nilidhani ni maua.

Mimi ni Mama Elkana. Katikati ya wiki ni muuguzi, na Jumapili nasimamia mlango wa kanisa, kwa hivyo hakuna anayeingia wala anayetoka ambaye sijamwona. Mamake Makena alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na nilimzika kweli, Mungu amlaze pema. Tangu hapo Makena ananiita Auntie na anakula kwangu akitaka. Kwa hivyo ninachowaambia nimekiona kwa macho yangu, na nikitia chumvi itakuwa ya kiasi tu.

Kanisa letu liko katika ghala lililokuwa la mazulia. Ibada ikiisha hatutawanyiki kama watu wanaotoka sinema. Tuna mstari wa salamu, vile vile kama nyumbani. Pasta Jotham anatoka kwanza, anasimama nje. Wa pili anamshika mkono kisha anasimama kando yake. Wa tatu anawasalimu hao wawili, anasimama kando yao, na hivyo hivyo, huku tukiimba, mpaka anayetoka mwisho awe ameshika mkono wa kila mtu. Hakuna kuondoka bila kusalimiana, hata kama mmekosana. Hasa kama mmekosana.

Shida ni kwamba kanisa la nyumbani lina uwanja, na la hapa mlango wake unafungukia barabarani. Mstari wetu ulipita mbele ya steji ya basi, ukafika hadi kwenye duka la Mzee Mahendra, ukaziba mlango. Mzee Mahendra ni mzaliwa wa Kisumu. Anakaa Queensbury, na kila siku anavuka mji kuja kufungua duka lake la mihogo, unga na viungo. Kiswahili chake kimenyooka, na alikitumia kutukaripia. Kila Jumapili alisimama mlangoni mikono kiunoni, akilalamika kwamba wateja hawaoni pa kuingilia, na kila Jumapili tulimshika mkono mmoja baada ya mwingine, naye akilalamika na kusalimu papo hapo. Ndiyo kanuni ya mstari, aliyesimama anasalimiwa.

Upande wa pili wa kanisa, kabla ya kufika majumba ya ghorofa ya kaunsili, yaani baraza la mji, kuna kipande cha ardhi cha pembe tatu. Zamani watu waliegesha magari pale, kisha pakafungwa, pakabaki magugu na godoro la mtu. Kaunsili ilikuwa na mawazo mawili. La kwanza, pawe uwanja wa watu wote. La pili, pazungushiwe vyuma parudi kuwa maegesho, na vyuma vingine viwekwe mbele ya kanisa ili sisi tusijazane tena kando ya barabara. Hilo la pili lingetumaliza. Mstari wa salamu haupiti kwenye upenyo wa vyuma.

Kazi ya kuchora uwanja ikaangukia ofisi ya akina Makena, na mkubwa wake akampa yeye. Jameni, alikuja kwangu anaruka. Miaka yote alikuwa akichora mifereji ya maji na mahali pa kufungia baiskeli, na juu ya mchoro jina la mtu mwingine. Sasa jina lilikuwa lake. Lakini ofisa wa kaunsili aliyeshika shughuli hiyo, Madam Leena, hakuwa mtu wa kudanganywa na michoro ya rangi. Alisema uwanja utajaribiwa kwanza kwa Jumapili mbili, kwa vitu vya kuwekwa na kuondolewa. Watu wakiutumia, utajengwa. Wasipoutumia, ni vyuma.

Jumapili ya kwanza Makena alifagia pale mahali, akatandika nyasi zile zinazokuja zimekunjwa kama mkeka. Zilikuwa nyasi nzuri, kijani kibichi, ndefu kidogo. Pembeni akaweka viti. Madam Leena akasimama na koti lake refu, anangoja aone umati ukimiminika.

Tukatoka. Tukaziona nyasi, tukazisifu sana, tukazizunguka. Hakuna aliyezikanyaga. Mstari ukaenda ulikozoea kwenda, mbele ya steji hadi kwa Mzee Mahendra, naye akatupokea kwa malalamiko yake. Watoto wetu wale waliozaliwa hapa, unaowasemesha Kiswahili wakakujibu Kiingereza, walikimbilia katikati ya nyasi wakaanza kubingirika. Mimi na akina mama wengine tukawatoa mbio, na mmoja nikamtoa kwa sikio. Niliona vizuri uso wa Madam Leena, na sikuona kosa langu hata kidogo.

Jioni ile Makena alikaa jikoni kwangu, chai imepoa mbele yake. Uso ulikuwa umemshuka, na hasira juu. Akaniuliza, "Auntie, mlikuwa mnaogopa nini?"

Nikamshangaa. Kwani yeye hajui? Nikamweleza kwamba mimi nimekulia Nakuru, na nyasi nzuri za mjini zilikuwa na kibao kilichosema usikanyage, na askari mwenye filimbi wa kukikazia maneno. Shuleni, nyasi za mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu zilikatwa na watoto waliokosea, na mwenye ruhusa ya kuzipita ni yeye peke yake. Nyasi nzuri ni za serikali. Unazitazama, unapiga picha kando yake, unaenda zako. Yeye aliondoka Meru mdogo mno, na shule ya huku ikamfundisha kugaagaa, sasa ametuchorea sisi uwanja ambao adabu yetu haituruhusu kuingia.

Nikampa shauri aweke kibao cha kusema ruhusa kukanyaga. Hapo akacheka mpaka akafuta machozi, na sijui yalikuwa ya kicheko peke yake. Kisha akaanza kuniambia habari ya Jumapili yake ya kwanza London, ambayo nilikuwa nimeisahau. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi, baridi imemkaza, hajui mtu. Mamake alimtoa mlangoni mwisho kabisa, wakapita mstari wote. Kila mtu alimshika mkono na kumwuliza jina.

"Nilipofika mwisho nilikuwa nimeacha kuogopa," akasema. "Hiyo ndiyo sababu nikaichagua kazi hii, Auntie. Na nimechora mahali pa kukaa, nikausahau mstari."

Aliomba karatasi. Nikampa karatasi ya kufungia mandazi, maana ndiyo iliyokuwa karibu, na chai yake nikaipasha moto.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumamosi iliyofuata alikuwa pale asubuhi na mapema, amevaa buti, anakunja zile nyasi katikati na kufungua njia. Ilianzia mlangoni mwa kanisa, ikaingia kwenye pembe tatu, ikazunguka polepole na kurudi karibu na ilikoanzia. Upana wake ulitosha watu wasimame pande zote mbili na kigari cha mtoto kipite katikati. Kandokando alitaka ukuta mfupi wa kimo cha kukalia, kwa sababu wanaotangulia kutoka ni wazee, nao ndio hukaa kwenye mstari muda mrefu kuliko wote, miguu ikiwauma. Wakiketi, mikono itawafuata walipo. Nyasi zikabaki nyuma ya ukuta, mahali ambapo hatukulazimika kuzikosea heshima.

Ukuta wa kujaribia ungejengwa kwa kitu gani? Nikaenda kwa Mzee Mahendra kuomba makreti. Alinikaripia kwanza, kama kawaida, kisha akatoa makreti yote ya nyuma ya duka pamoja na mbao za kulazia juu. Alisema akipata mlango wake siku moja tu kabla hajafa, atatambika. Nikamwambia Mhindu wa Kisumu anajua nini habari ya kutambika, akanifukuza.

Jumapili ya pili ilikuwa ya jua hafifu. Madam Leena alisimama palepale na koti lilelile, na nilimwona Makena karibu na ukuta anauma kucha. Pasta Jotham akatoka, akasita. Mlangoni, mkono wangu ulikuwa tayari kumsukuma, Mungu anisamehe. Lakini akaiona njia, akaifuata, akafika kwenye mbao na kuketi. Bibi Jennifer, ambaye magoti yake yanajulikana kanisa zima, akamshika mkono, akaketi kando yake, na kutoa pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Waliofuata wakafuata.

Haki, mngeona! Mstari ulikunjuka kwenye ile njia wote mzima, tukaimba tukitazamana, jambo ambalo barabarani halijawahi kuwezekana. Watu wa majumba ya kaunsili hukatiza hapo kwenda stejini, na siku hiyo walijikuta ndani ya mstari na mifuko yao ya supamaketi. Wa kwanza aliona haya. Wa pili akahamisha mifuko mkono wa kushoto. Baada ya hapo wakawa wanakuja kwa kutaka, na jamaa mmoja wa ghorofani alishuka na kandambili zake. Madam Leena mwenyewe alitaka kuvuka aje kutazama upande wetu, akaingia kwenye njia bila kujua kanuni yake. Alitokea upande wa pili ameshikwa mkono na kila mtu, nywele zimemvurugika, anacheka. Akamwendea Makena moja kwa moja.

"Sina haja ya kuona zaidi," akasema. "Tunajenga."

Akina mama tukapiga vigelegele mpaka madirisha ya ghorofani yakafunguka. Makena alisimama tu, mikono kichwani. Nilimkumbatia, nikamwambia mamake angefurahi, na hapo ndipo akalia.

Lakini nilipogeuka nilimwona Mzee Mahendra. Mlango wake ulikuwa wazi kabisa, hakuna hata kivuli cha mtu mbele yake, na wateja wangeweza kuingia na punda. Alikuwa amesimama mikono kiunoni kama siku zote, akitazama kule tulikohamia. Akashusha mikono, akafunga duka, akaja mpaka kwa Makena, wala hakukaripia mtu.

"Binti, umefanya kazi nzuri," akasema. "Na mimi nani atanisalimu?"

Makena alimshika mkono akamwongoza kwenye mstari. Kesho yake alirudi ofisini akauongezea mkia mchoro wake. Ukuta sasa ungetoka kwenye pembe tatu, upite mbele ya kanisa ukiwa umeegemea ukuta wa ghala ili kando ya barabara pabaki peupe, na uishie kwenye benchi moja kando ya mlango wa duka, bila kuuziba. Mkubwa wake alimwuliza sababu ya ule mkia. Alimwambia pale kuna mzee.

Uwanja ulijengwa. Mawe ni ya kijivu chenye wekundu kwa mbali, yanashika joto la jua, na mbao za kukalia ni nene. Siku ya kuufungua tulivaa nguo za sikukuu, na mstari ulikuwa mrefu kuliko siku zote, kwa sababu watu wa majumba walikuja na jamaa zao. Nilikuwa mlangoni, nahesabu kwa macho nani bado, na ndani alibaki mmoja. Makena alikuwa amengoja makusudi atoke mwisho.

Alipita njia aliyoichora mwenyewe akishika mkono wa kila mtu. Alishika wa Pasta, wa Bibi Jennifer aliyeketi kama malkia, wa Madam Leena, wa wale wa ghorofani. Alilia bila kujifuta, maana mkono wake ulikuwa kazini. Mwisho kabisa, kwenye benchi ya mkia, alikuwa Mzee Mahendra, duka wazi nyuma yake. Akampa mkono wake, akasogea kidogo kumpa nafasi, akamwambia amechelewa sana, akae. Makena akakaa, akawa mwisho wa mstari.

Nyuma ya ukuta watoto walikuwa wanabingirika kwenye nyasi. Nilivuta pumzi niwakemee, na mdomo nikaufungua. Kisha nikaketi kwenye ukuta, nikavua viatu vyangu vya Jumapili, nikageuza miguu upande wa pili, nikakanyaga.