Fundo la Mgongoni

Katika duka la kukodisha kimono, vazi la asili la Kijapani, mjini Kanazawa, Shizue hakupenda kuitazama mikono ya mvishaji mwenzake. Ilikuwa mifupi na minene, na kila asubuhi mwenyewe aliipasha moto kwa kikombe cha chai kabla ya kumgusa mgeni. Alimgeuza mtu kwa vidole viwili begani, akavuta mshipi taratibu, bila neno. Wageni wake walikwenda kutembea mitaa ya zamani wamenyooka, na wakirudi jioni walimuulizia yeye. Wa Shizue walirudi wakilegeza mishipi ili wapumue.

Siku moja Kanoko, bintiye Shizue, alikuja na mchumba wake kutoka Nagoya kutembezwa mjini. "Mama, usinune," alisema. "Nataka mwenzako huyu anivishe. Wewe hunibana mpaka nashindwa kula."

Mchumba alicheka. Shizue naye alicheka, akampisha mwenzake.

Mvishaji alimvisha binti bila haraka. Alipofika kwenye fundo la mgongoni, alimwita Shizue kwa kidevu tu, akamwachia mshipi. Kanoko alikuwa akipiga soga na mchumba wake, hakugeuka. Shizue alivuta taratibu kama mwenzake, akafunga, na fundo likakaa barabara.

"Unaona, mama?" Kanoko alisema mbele ya kioo. "Halinibani hata kidogo."

"Hilo kalifunga mama yako," mvishaji alisema.

"Acha kumtetea." Wakatoka wakicheka, wameshikana mikono.

Shizue alianza kukunja nguo. Hakumshukuru mwenzake siku ile, wala baadaye.