Mwisho Uliowashiwa Moto

Vichekesho vya TV siku hizi vinanichosha. Mtu anateleza tu, na kicheko kimeshawekwa tayari, ati nisijisumbue.

Leo nimeunguza viazi, na ule moshi ukanirudisha kijijini Kibirichia, jikoni kwa nyanya yangu. Alikuwa akichoma viazi kwenye jivu huku nikimsomea kitabu cha hadithi, nikimtafsiria kwa Kimeru. Kurasa za mwisho alikuwa amezitumia kuwashia moto, kwa hivyo kila jioni nilibuni mwisho mpya.

"Huyu si alikufa jana?"

"Amepona, nyanya."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. "Basi usimuue tena."

Nimebandua maganda yaliyoungua, nikala nikiwa nimesimama. Sebuleni, kwenye TV, watu nisiowajua wanaendelea kucheka.