Mama wa Redio ya Polisi

Noeli hajui Kijerumani. Hajui Kitaliano pia, wala lugha nyingine yoyote wanayoweza kuwa wanazungumza wale polisi wawili wa gari la njano. Hata hivyo, kwa miaka kumi na tisa ametutafsiria sinema yao kila Jumapili mchana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nasema haya mimi Joha, fundi cherehani wa hapa Kibaigwa. Chumba changu na banda lake la video vimetenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, kwa hiyo yaliyosemwa mle nayajua yote, hata siku nilizotamani nisiyajue.

Mikanda aliinunua Dodoma mjini, sanduku zima, kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilikuwa michezo ya zamani, rangi zimepauka, polisi wamevaa suruali pana miguuni. Noeli akaketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akaitazama midomo yao, akaanza kusema. Yule mwembamba akamwita Koplo Gulwe, maana yeye mwenyewe ni wa Gulwe. Mnene akawa Koplo Mlali, kwa heshima ya mkewe Generosa, mzaliwa wa Mlali. Generosa alinuna wiki nzima, akitaka kujua kwa nini mnene ndiye awe wa kwao.

Katika sinema ile hakuna anayekufa. Anaibwa bata, inaibwa kengele ya kanisa, basi. Gari la njano linakataa kuwaka, polisi wanalisukuma, mwizi anawaonea huruma, anarudi kuwasaidia. Wapakiaji waliobeba magunia ya mahindi tangu alfajiri waliingia mle wakiwa hoi, wakatoka wanafuta machozi ya kicheko. Upande wa pili wa barabara palifunguliwa banda la sinema za bunduki. Watu wakaenda, wakarudi. Mimi naona walipenda kumtazama askari unayeweza kumtania, ambaye akikukamata anakuacha kwanza umalize kula.

Ila sisi wanawake tulifuata redio. Ndani ya lile gari kuna redio ya polisi, na kila kisa hufika mahali ikakoroma, kisha mwanamke asiyeonekana akasema maneno mawili matatu kwa ukali. Bila shaka anawaeleza mwizi alipo. Siku ya kwanza kabisa, Noeli aliyatafsiri hivi:

"Wee gari namba nne! Hapa makao makuu. Mmekula?"

Ilikuwa sauti ya Generosa kabisa, na lile "wee" lake la kuvuta. Generosa mwenyewe alikuwa mlangoni na beseni lake la karanga. Akasimama, akashika kiuno. Tulicheka mpaka benchi likavunjika.

Tangu hapo mambo ya nyumba ile yakawa yanatangazwa redioni. Gari namba nne, mmemwaga sukari na hamkufagia. Gari namba nne, mama yenu anakuja Alhamisi na makao makuu hayana habari. Koplo Gulwe anavua kofia, anajibu kwa unyenyekevu, "Nimekusikia, makao makuu. Naomba msamaha." Na Generosa, bila kugeuka, anaitikia kutoka mlangoni, "Makao makuu yamesikia. Endeleeni na kazi."

Nilimuuliza siku moja kama haoni aibu, maana mimi nilikuwa naiona kwa niaba yake.

"Mwenzangu," akaniambia, "Noeli tangu anioe hajawahi kunitamkia samahani nyumbani. Atanuna, atazunguka uani, atajifanya anatafuta jembe. Ikifika Jumapili anaisema. Basi mimi huvumilia mpaka Jumapili."

Februari mwaka huu, siku ya Jumanne, Generosa alimwomba aweke komeo kwenye mlango wa kibanda cha kuku, kwa sababu kicheche alishabeba wawili. Noeli akasema kesho. Mwenzake akamwambia kesho yake haijawahi kufika. Wakatupiana maneno makali palepale bandani, nikayasikia yote. Jumatano Generosa akashikwa na kichwa, akaanguka jikoni. Akapelekwa hospitali, na Ijumaa akatutoka. Jumapili tukamzika.

Noeli akafunga banda. Miezi mitano sikusikia kitu nyuma ya ule ukuta, na cherehani yangu ikawa kama inapiga kelele. Nilimlilia rafiki yangu, kisha nikamkasirikia mume wake, maana nilimwona anazidi kukauka na hataki kusemeshwa. Mwishowe nikamfuata.

"Shemeji, utakaa hivi mpaka lini?"

"Shemeji," akasema, "ikifika kwenye redio nitasema nini? Nina neno sikumwambia. Na sijui kulisema mahali pengine."

Nikamwambia afungue tu, redio ikikoroma anyamaze, tutamvumilia.

Akafungua Jumapili ya kwanza ya Julai, msimu wa mahindi umepamba moto. Watu walijaa mpaka nje, nami nilikuwa ndani, benchi la mbele. Sauti yake ilikuwa imeshika kutu, lakini bata alipoibwa watu wakacheka, naye akachangamka kidogo. Nikaanza kupumua. Kisha redio ikakoroma. Yule mwanamke akasema maneno yake ya kigeni. Noeli akabaki ameshika kipaza sauti, mdomo wazi, macho yakiwa mlangoni pale lilipokuwa likikaa beseni la karanga.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Miaka kumi na tisa nimemsikia Generosa kupitia mabati, na sauti yake ikanitoka kinywani yenyewe.

"Wee gari namba nne! Hapa makao makuu. Ule mlango wa kuku vipi?"

Hakuna aliyecheka. Noeli akanitazama, na kwa muda nikaogopa nimemuumiza. Kisha akainua kipaza sauti.

"Nimekusikia, makao makuu," akasema, na hakuwa Koplo Gulwe hata kidogo. "Komeo nimeliweka. Nililiweka Jumapili ileile, tulipotoka kukuzika. Naomba msamaha. Nimechelewa."

Nilitakiwa kumjibu. Jibu nalijua, sote tunalijua, lakini machozi yalinitangulia. Ndipo benchi la nyuma, la wapakiaji, likaitikia kwa pamoja, taratibu, kama watu walio kanisani.

"Makao makuu yamesikia. Endeleeni na kazi."

Noeli akajifuta uso kwa kiwiko, akageukia televisheni. Na gari la njano, kama kawaida yake, likakataa kuwaka.