Bima Yangu, Sare Yao

Kwanza niseme: sijafa. Ninaanza hivyo kwa sababu kuna Ijumaa moja wanawake ishirini wa Nyarero, watu wazima wenye wajukuu, walikaa kwenye mabenchi ya kanisa wakinieleza kwamba kosa langu ni kuwa hai.

Nilichukua mkopo wa benki kupitia kikundi chetu, nikanunue cherehani nishone nguo za shule na kuzipeleka Sirari. Kabla sijaishika hela yenyewe wakakata bima. Ya nini? Nikifa kabla ya kumaliza, bima italipa deni. Sawa, kateni. Nikapewa iliyobaki, nikanunua cherehani.

Halafu mwanangu mdogo akaugua. Nikakaa naye wodini wiki sita, sijashona hata kifungo. Marejesho yakasimama. Kikundi kikaogopa kuchafuliwa jina, kikalipa deni langu lote kwa mkupuo, kisha tukaandikishana: mimi nitakirudishia kikundi kidogo kidogo kila Ijumaa, miezi kumi. Na cherehani wakaibeba. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeinua upande wa mbele, akahema, akaniambia, "Usilie, mdogo wangu, ni utaratibu." Wakamuuzia fundi mmoja wa Mugumu kwa elfu sitini, wakaipunguza kwenye deni. Elfu sitini! Mbuzi wangu mwenyewe angesikia bei hiyo angekataa kula.

Nililipa. Nililima vibarua, niliuza maandazi, nililipa Ijumaa zote, nyingine mvua ikininyeshea hadi kwenye soksi. Nilipomaliza wakanipigia makofi. Nikafikiri yameisha.

Wiki mbili baadaye fundi wa Mugumu akanipigia. "Dada, hii mashine yako ina shetani. Inaruka nyuzi. Lete hiyohiyo sitini yangu uichukue, lakini ukichelewa nauza vyuma."

Mimi sikuwa na sitini. Sikuwa hata na sita. Ila nilijua shetani ni nani: ni njiti ya kiberiti. Chini ya kile kibati cha bobini nilikuwa nimechomeka kipande cha njiti, bila hicho hiyo mashine haishoni, inachezea kitambaa tu. Fundi alikuwa ameona uchafu akautoa. Sikumwambia. Mtu akinunua mali yangu kwa bei ya matusi, siri simpi.

Siku hiyohiyo afisa mikopo akatuma ujumbe kwa mwenyekiti: kwa kuwa deni lilimalizwa mapema, kuna bima ya miezi ambayo haikutumika. Elfu sitini na mbili imerudi.

Nilizisikia habari hizo kwa jirani. Mwenyekiti hakuniambia. Alikuwa na kazi nyingi: alikuwa anachagua kitenge cha sare.

Ijumaa nikafika mapema. Mwenyekiti akaingia amevaa gauni jipya la kitenge cha njano chenye samaki wakubwa, mikono imejaa hewa kama maputo.

"Sare yetu," akasema, akazunguka. "Nyingine tutanunua kwa hela ya bima."

"Bima ipi?"

"Ya kikundi."

"Ilikatwa kwenye mkopo wangu, mama mwenyekiti."

"Na deni alilipa nani? Kikundi. Aliyelipa ndiye mwenye kurudishiwa."

"Mimi nimewarudishia kila shilingi! Miezi kumi!"

Mama mmoja wa nyuma akasimama, mpole kabisa, kama anafundisha watoto. "Binti yangu, bima ni ya kifo. Wewe umekufa?"

"Hapana."

"Basi unadai nini?"

Wakaitikia kama kwaya. Afisa mikopo, kijana mgeni aliyeletwa kutoka mkoa mwingine mwezi uliopita, alikuwa amekaa pembeni na bahasha yake. Akakohoa. Akasema utaratibu uko wazi: bima inarudi kwa yule ambaye ilikatwa kwenye mkopo wake, akiwa amemalizana na waliomlipia. "Kwa hiyo ni ya huyu dada. Ila asaini na mwenzi wake, yuleyule aliyesaini fomu ya kwanza. Mume yuko wapi?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Ndiyo. Tunamsubiri mume."

Kanisa zima likaziba midomo kwa kanga, maana wote walijua. Mimi nimeolewa na mwanamke. Kwetu Tarime si ajabu: mama mzee ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa mji wake. Mimi namwita mama, wanangu wanamwita bibi, na kwenye fomu, pale palipoandikwa mume, niliandika jina lake kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine ya kumweka.

Nikaenda kumwita. Alikuwa anapura mtama. Akajipangusa, akachukua fimbo, akaja hivyohivyo na makapi kichwani.

"Shikamoo bibi," afisa akasema. "Karibu. Na mume anakuja?"

"Marahaba, mura, kijana wangu. Amefika."

Afisa akaangalia mlangoni. Hakuna mtu. Akaangalia fomu, akamwangalia mama, akaangalia fomu tena. "Hapa kwenye jinsia imeandikwa me."

"Aliandika aliyekutangulia. Mimi sikusoma."

"Lakini bibi, mume ni... lazima awe..."

"Awe nini?" Mama akaegemea fimbo. "Ng'ombe kumi na mbili nilitoa mimi. Mtafute hapa mwanaume aliyetoa hata mkia, umpe hizo hela. Mimi nitarudi kwenye mtama wangu."

Afisa akasogeza kidau cha wino taratibu sana. Mama akakandamiza dole gumba.

Ndipo mwenyekiti akaona sare inaondoka. Akaruka. "Tupige kura! Kikundi kina katiba! Wanaotaka hela ibaki, mikono juu!" Akanyoosha wake kwa nguvu, wa kwanza.

Tukasikia kitu kikisema trrrrr.

Kwapani kukafunguka. Mfumuo ukashuka ubavuni, ukapita kiunoni, ukaenda hadi kwenye samaki wa mwisho. Mwenyekiti akabaki na mkono mmoja hewani na mwingine umeshika nyonga.

"Umeshonea wapi?" nikamuuliza, ingawa moyo wangu ulishajua.

"Mugumu," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa yule fundi."

Kwa cherehani yangu! Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni. Miezi kumi ya hasira ilinitokea puani. Hakuna mwingine aliyeinua mkono baada ya hapo. Kila mmoja alikuwa amebana kwapa zake.

Afisa akatoa bahasha, mama akahesabu noti zilizokuwemo, akanikabidhi sitini. Elfu mbili akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Mama, hiyo je?"

"Ya sukari. Mimi si ndiye mume?"

Jumatatu nikapanda basi la Mugumu, nauli nimekopa kwa jirani. Fundi akanipa mashine huku akinionea huruma. Nikavunja njiti ya kiberiti mbele yake, nikachomeka, nikashona mstari mmoja ulionyooka kwenye kona ya aproni yake. Nilimwacha mdomo wazi.

Mteja wangu wa kwanza alikuja usiku haujaingia, amejifunga shuka juu ya samaki. Nikamtajia bei ya kushona. Kisha nikaongeza elfu tatu.

"Hiyo ni ya nini tena?"

"Bima. Likifumuka."

Akalivuta shuka. "Na lisipofumuka, utanirudishia?"

"Bila shaka, mama mwenyekiti," nikasema, nikakanyaga pedali. "Njoo na mume wako asaini."