Kura ya Kumpata Msimamizi

Mama yangu alikuwa amekuja Nyarugusu, huku Geita, kunitembelea kutoka Isaka, na jioni hiyo tulikuwa uani tunachambua dagaa, dada alipopiga simu ya video. Dada yangu ni muuguzi Marekani. Amekaa huko hadi amepata uraia. Alikuwa ndani ya gari lake, na kifuani amebandika kikaratasi cha duara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Hicho kifuani ni nini? Umelazwa?"

Dada akacheka sana. "Nimetoka kupiga kura, mama. Ukimaliza wanakupa hiki utembee nacho."

Nikamuuliza kama ni kura ya rais. Akasema hapana, ni ya jimbo. Akatueleza kwamba jimbo la kule si kama jimbo letu la mbunge. Ni kama nchi ndani ya nchi, lina serikali yake na sheria zake. Wamechagua gavana, wamechagua na wengine wengi, na mmoja wao ni msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo zima.

Nikaacha dagaa. "Msimamizi anachaguliwa? Si anateuliwa?"

"Huku kwetu anachaguliwa."

"Na ana chama?"

"Ana chama, anafanya kampeni, anabisha hodi mlangoni kama wengine."

"Kumbe refa naye anavaa jezi," nikasema.

Mama alikuwa anaendelea kutoa vichwa vya dagaa. Kisha akainama kwenye simu kama vile dada yuko ndani ya kisima. "Na kura zake yeye, anahesabu nani?"

Dada akasema hakuwahi kujiuliza hilo, ataulizia kazini. Baada ya siku chache akatuma ujumbe wa sauti: kura zinahesabiwa kila wilaya, watu wa vyama wakitazama, kisha zinapelekwa juu, na msimamizi mkuu anatangaza. Hata mwaka ambao yeye mwenyewe anagombea. Wapo wanaomwamini na wapo wasiomwamini. Yule ambaye dada alimpigia kura alishindwa, na dada akaenda zamu yake kama kawaida.

"Basi wanamwogopa kidogo, na yeye anawaogopa kidogo," mama akasema. "Si vibaya."

Mama alirudi Isaka, lakini mimi swali lake lilinikaa moyoni. Lilinikaa kwa sababu na sisi tulikuwa na uchaguzi mbele yetu.

Ninafanya kazi mwaloni, mahali tunapoponda na kuosha mawe yanayotoka kwenye mashimo ya dhahabu. Wanawake tuna kikundi chetu, na mwenyekiti wetu ndiye anayepanga nani akae karibu na maji na nani akae kule juani. Mwenyekiti tuliyekuwa naye alihamia Bulyanhulu kumfuata mumewe. Yeye tulimchagua kwa kunyoosha mikono, na aliyehesabu mikono ile alikuwa wifi yake. Ambao hawakunyoosha mkono walijikuta juani kesho yake. Hakuna aliyesema kitu kwa sauti.

Kwenye kikao nikasimama nikawasimulia habari za dada. Nikasema, kwa nini tusichague kwanza mtu wa kusimamia, asiwe ndugu wa mgombea, halafu ndipo tuchague mwenyekiti?

"Uchaguzi wa kumpata wa kusimamia uchaguzi!" mama mmoja akasema. "Na mawe tutaponda lini?"

Watu wakacheka. Lakini mwingine akauliza swali la mama yangu, lile lile, bila kujua. Huyo msimamizi kura zake atahesabu nani? Tukabishana hadi chai ikapoa. Aliyetutoa hapo ni rafiki yangu, ambaye tangu nifike Nyarugusu tulikuwa tunaponda mawe tumekaa bega kwa bega. Akasema wagombea wa usimamizi wasimame uwanjani mchana kweupe, na kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Mstari mrefu utaonekana na kila mwenye macho. Kura ya siri iwe ya kumchagua mwenyekiti, maana huyo ndiye anayeweza kumtupa mtu juani.

Tuligombea wawili, mimi na mama mmoja mpole, Msumbwa wa upande wa Bukombe. Rafiki yangu alikuwa wa kwanza kusimama nyuma yangu, akawa anawaita wengine kwa mkono, "Njooni, njooni huku!" Mstari wangu ulikuwa mrefu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nyuma ya kisogo changu nilisikia wanawake wakicheka, na nikajiona mtu.

Kesho yake nikaanza kuona mambo. Waliosimama nyuma yangu walinisalimia kwa kukonyeza. Mmoja aliniletea viazi vitamu, akasema, "Usitusahau, sisi ndio tuliokusimamisha." Waliosimama nyuma ya yule Msumbwa walikuwa wakinyamaza nikifika kwenye ndoo za maji. Nikampigia dada kumuuliza, hivi yule msimamizi wa kwenu, akishashinda, anakula chakula cha mchana na nani? Dada akasema, "Unanitafutia maswali wewe." Kisha akafikiri. "Nadhani anakula na waliompa kura. Au anakula peke yake."

Wagombea wa uenyekiti wakawa wawili. Mmoja mjane mwenye sauti kubwa, anayeweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya mwalo bila kusimama. Wa pili rafiki yangu. Aliponiambia anagombea nilibaki nimeshika nyundo hewani.

"Sasa wewe na mimi itakuwaje?" nikamuuliza.

"Itakuwa vizuri," akasema. "Wewe ni mtu wangu."

Nilitafuta kitu cha kupigia kura. Mawe hayafai, kwetu kila mtu ana mawe. Mahindi na kunde vinapatikana kila nyumba. Nilikwenda Geita mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, mzee ambaye familia yake imekaa pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa, nikamwomba vifungo ambavyo havipatikani kwingine. Akaniuliza nashona nini. Nilipomweleza alitoka nyuma ya meza akavuta kiti akakaa. Alitaka kujua kila kitu: nani anagombea, ndoo zitakaa wapi, mtu asiyeona vizuri atafanyaje. Hilo la asiyeona sikuwa nimelifikiria. Akaniambia ndoo moja niifunge kamba mdomoni, ipapaswe. Akatoa vifungo vikubwa vya rangi ya machungwa, vya makoti. "Chukua," akasema, "joto la hapa, nani atavaa koti?"

Siku ya kura tuliomba banda la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ikazimwa. Ndoo mbili nikaziweka nyuma ya kitenge, mifuniko nimeitoboa, ya mjane ina kamba na ya rafiki yangu haina. Niliwaita mmoja mmoja. Kila mtu nilimpa kifungo kimoja mkononi, akaingia, akatoka. Halafu tukamwaga ndoo mbele ya wote, na wagombea wakahesabu kwa sauti, kila mmoja akihesabu vya mwenzake.

Mjane alikuwa na kifungo kimoja zaidi. Na nikilinganisha na vile nilivyogawa, kifungo kimoja hakikuwepo.

Banda likalipuka kwa kelele. Rafiki yangu akasimama. "Kitafutwe! Kikiwa changu tuko sawa!"

Tukatafuta chini, kwenye mikunjo ya kitenge, hadi ndani ya ndoo. Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, mwenye mtoto mgongoni, akafungua fundo la khanga yake. Kifungo kilikuwa humo.

"Ninacho mimi," akasema. "Nilipofika kule nyuma nikashindwa. Huyu alinishika mkono nilipojifungua. Na huyu mwingine ni jirani yangu, tunakopeshana chumvi. Nikaona nisimuumize mtu."

"Aweke sasa!" rafiki yangu akasema. "Kura ni yake, hajaitumia." Akanigeukia mimi, si wale wengine. "Mwambie aweke."

Wote wakanitazama. Yule mama alikuwa anatikisa kichwa taratibu, macho yamejaa machozi. Nikajua nikimrudisha nyuma ya kitenge hakutakuwa na siri tena. Hesabu tulikuwa nayo. Popote atakapoweka tutajua, na kesho atasalimiwa na nusu tu ya mwalo.

"Kura ni ile iliyoingia kwenye ndoo," nikasema. "Mwenyekiti ni huyu." Nikamshika mjane mkono nikauinua.

Rafiki yangu alisubiri makofi yaishe. Akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi ndiye niliyesimama wa kwanza nyuma yako." Akatoka.

Kuanzia siku hiyo alihamishia jiwe lake upande wa pili. Tulisalimiana kama watu wanaokutana stendi. Ilinichoma. Nilikuwa nikiponda nikilitazama bega lake likipanda na kushuka kule mbali, nikijiuliza kama dada angeniambia nimekosea. Sikumuuliza.

Mjane aligawa nafasi za maji kwa zamu, kila mtu akapata kivuli siku zake na jua siku zake. Sijui kama ni wema wake au ni kwa kuwa hakujua nani alimnyima kura. Niliwahi kumuuliza. Akacheka kwa ile sauti yake, akasema hata yeye hajui.

Mvua zilipoanza na mwalo ukajaa tope, hakukuwa na kazi. Mchana mmoja rafiki yangu akaja kwangu, akavua malapa mlangoni, akakaa. Nilimwekea karanga. Akazimenya kwanza bila kula.

"Hivi," akasema, "kama mimi ndiye ningezidi kwa kifungo kimoja, mjane ungemwambia nini?"

"Ningemwambia hivyo hivyo."

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilikasirika."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi avute kigoda karibu ili tusikilizane.

"Safari ijayo nataka kazi yako," akaniambia.

"Na uenyekiti?"

"Huo waachie wengine. Mimi nataka nisimame pale nione walivyokuwa wanakutazama."

Nikamwambia hawatamsalimia vizuri, wengine watamkonyeza na wengine watanyamaza akipita. Akatia karanga mdomoni, akatafuna, akaniomba nianze mwanzo, nimweleze ilikuwaje kusimama pale.