Pua Mbili kwenye Bariyeri

Samahani, ndugu zangu, wiki tatu sijawaandikia. Kulea si mchezo.

Leo pua yangu na ya mwanangu zimetuponza.

Nilikuwa nampeleka dispansari, homa inamchoma. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani cha kutoka mtaani kwetu Buyenzi, kijana mmoja akatukagua pua, wallahi, kama anachagua nyanya.

"Pua ya mutoto ni ya Kihutu, apite. Yako ni ya Kitutsi. We mama, ubaki."

(Yake ameirithi kwa baba yake. Mi sikuulizwa.)

Habari ya homa, kijana hakuiuliza kabisa.

Nikamfungua mutoto mgongoni, nikamweka mikononi mwa kijana. "Sawa, kaka, mpeleke. Ila bado ananyonya."

Mutoto akaanza kutafuta ziwa ndani ya shati la kijana! Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Apana! Chukua, chukua! Piteni wote!"

Dawa tumepata. Bado nitumieni sabuni, maziwa ya unga makopo mawili, nepi sita, na pua moja ya akiba, saizi yoyote.