Mkebe Uliokoroma Kama Msumari

Nilikuwa boyi kwa mzungu mmoja kule Kiriri. Jumapili alinichukua kwenye gari lake mpaka Ruziba, ufuoni mwa ziwa, tukapitisha mashine yake ya kutambua vyuma mchangani kusaka sarafu za zamani. Vita ilipochacha akarudi kwao. Mashine akaniachia, akasema, "Itunze." Mimi nilichukulia kwamba amenipa. Labda nilikosea.

Mashine ile ilikuwa na sindano na sauti. Chuma kinakoroma, sindano inaanguka kushoto. Kizibo cha bia kinadanganya: ukiipitisha kwenda kinalia vizuri, ukirudi sauti inavunjika. Sarafu ya fedha au shaba inalia safi, sindano inasimama kulia, na ukirudi upande wa pili inalia vilevile. Hayo tu ndiyo niliyojua. Shule niliacha darasa la tano.

Vita ilikuwa haijaisha, ila Buterere risasi zilikuwa zimenyamaza kidogo na watu walianza kurudi kwenye viwanja vyao. Wengi walikuwa wamefukia vitu kabla ya kukimbia, wakaniita. Sheria yangu ilikuwa moja: kikikoroma, hatuchimbi. Misumari ya nyumba zilizoungua ilijaa kila mahali, na mara moja kilichokoroma kilikuwa guruneti. Haikulipuka. Sikutaka kuona ya pili.

Ndipo akaja mama mmoja mjane. Yeye na mumewe walikuwa na desturi yao: kila mtoto akizaliwa, siku ya kumtoa nje, baba anaweka sarafu moja kubwa ya wakati wa Wabelgiji ndani ya mkebe, na mama anaifunika kwa kipande cha kitenge alichombebea mtoto huyo. Sarafu nne, vitenge vinne, vya mtoto wa kwanza chini kabisa. Baba aliufukia mkebe peke yake siku ya kukimbia, kisha akauawa. Watoto wawili walizikwa. Wawili walipotea njia ya Kongo, hakuna ajuaye. Nani aliua sitaandika, maana sikuwepo.

"Mi sitafuti pesa, mutoto yangu," aliniambia. "Natafuta batoto."

Nilipita kiwanja chote asubuhi nzima. Jirani mmoja alisimama akila muhogo, akacheka: "We, pigako mashini kofi, pengine imelala!" Mama mwenyewe alicheka. Karibu na mahali jiko lilipokuwa, ikakoroma. Nikarudi, ikakoroma tena. Nadhani chini ya ule mkoromo nilisikia kitu chembamba, safi. Au nimekiongeza baadaye, kwa kukifikiria sana. Siwezi kuapa.

"Iko nini?" akauliza.

"Apana kitu, Mama. Ni musumari."

Hakubisha. Mashine ilikuwa yangu, masikio yalikuwa yangu. Sikumuuliza mkebe ulitengenezwa kwa nini. Ulikuwa wa maziwa ya unga, mkebe wa chuma, na mfuniko wa chuma. Mashine haikusema uongo: ilisema chuma. Neno "apana kitu" nililiongeza mimi.

Akauza kiwanja, akahamia kwa dada yake. Aliyenunua alikuwa mtu mwema, nalisema hilo kwa haki. Alipochimba choo akaupata mkebe umeoza. Vitambaa vilikuwa vimegeuka matope, akavitupa. Sarafu mbili watoto wake walizichezea zikapotea. Mbili alizihifadhi, na aliposikia habari ya mkebe wa yule mama, alimpelekea mwenyewe kwa miguu.

Mama akaniita. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa, nikaibeba mashine, sijui kwa nini. Sarafu mbili zilikuwa juu ya meza, zimeoshwa, zinafanana kama mayai.

"Nisamehe, Mama. Ningechimba siku ile, vitambaa vingekuwepo."

"Na kama ingekuwa guruneti, leo ungekuwa wapi?" Aliniambia hivyo, na nilijua anaongea kweli, lakini hakuniangalia. Alikuwa anazigeuza zile sarafu. "Shida yangu ni moja. Bila bitambaa, hizi ni za nani? Kama ni za bale tulizika, sawa. Kama ni za bale ba Kongo..." Akazisukuma upande wangu. Kisha akasema, "Pitisha mashini yako."

Sijui kama alitania. Niliiwasha. Nikapitisha juu ya ya kwanza, nikaenda, nikarudi. Nikapitisha juu ya ya pili. Sindano ilisimama mahali pamoja, sauti ikawa ileile.

"Inasema nini?"

"Inasema ni sarafu, Mama. Zaidi haijui."

"Na we?"

"Na mi sijui."

Akazichukua, moja kila kiganja, akafumba mikono. Alikaa hivyo mpaka nikaona aibu kuendelea kusimama pale, nikazima mashine.